Maji ya Alfajiri

Nimechoka, na sisemi hivyo ili nipewe pole. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye maji ya chumvi hapa Walidia, pwani ya Moroko, nikilea watoto wa chaza ambao hata hawaonekani kwa macho. Sisi tunawaita vumbi. Ukiwakusanya kwenye chujio, milioni moja wanaenea kwenye kijiko cha chai, na ukipiga chafya umeua ukoo mzima. Haji Bushaib, mwenye kituo hiki cha kulelea chaza, ndiye aliyenifundisha kazi, na la kwanza alilonifundisha ni kwamba matangi hujazwa alfajiri. Ukishatoa salamu ya sala, washa pampu. Maji ya saa hiyo ni baridi, angavu, hayajachezewa na mtu. Kwetu husemwa kwamba anayeamka mapema amenunua dhahabu, na Haji aliamini hata ghuba huamka na baraka zake.

Miaka mingi vumbi lilikua vizuri. Kisha likaanza kufa. Kila kiangazi, upepo wa kaskazini ukivuma siku tatu nne na maji kuwa baridi ya kuuma mifupa, wale wadogo hawafiki siku ya tatu. Siku ya pili chaza anatakiwa awe na gamba lake la kwanza, jembamba kama ganda la kitunguu. Wa kwetu walikuwa na gamba lililolika pembeni, wakazunguka kidogo, wakazama. Haji akasugua matangi, akabadilisha mabomba, akaleta watu wa kusoma dua. Wapi! Mtu akikosa dawa hutafuta mchawi, na mchawi akawa Hadda.

Tulikuwa wanawake wawili pale, mimi na Hadda, na Hadda alikuwa na mkono wa baraka. Unga wake uliumuka hata siku za baridi kali. Majirani walikuwa wakimletea wa kwao auguse tu, halafu wanaupeleka kwenye tanuri la mtaa wakicheka. Siku moja, miaka miwili iliyopita, Haji aliniita pembeni.

"Rakia, nieleze ukweli. Hadda ananawa kwa ile klorini ya kusugulia matangi kabla ya kushika machujio?"

Tone la klorini huua vumbi lote, lakini Hadda hakuwa akinawa kwa klorini. Nilikuwa naye mchana kutwa, ningejua. Lakini Haji alikuwa na macho mekundu, na nilielewa kwamba kama si yeye, ni mimi.

"Huenda," nikasema.

Neno moja tu hilo. Hadda alifukuzwa siku hiyohiyo, na mji mdogo hauna siri. Wakasema mkono wake umekufa, kila anachogusa kinakufa. Nilimwona mara mbili tatu sokoni nikageuza uso kwenye nyanya.

Vumbi likaendelea kufa bila Hadda. Mwaka jana akaja binti wa chuo kutoka Jadida, Ghizlan jina lake, na kijiti chake cha kupimia ukali wa maji. Akatuambia kwamba moshi wa magari na viwanda hauendi wote mbinguni. Mwingine bahari inaumeza, na maji yanakuwa makali mwaka hadi mwaka, yanamnyima chaza chokaa ya kujengea gamba. Upepo wa kaskazini ukivuma, maji ya kilindini yanapanda, na hayo ndiyo makali zaidi. Usiku ukali unazidi humu ghubani. Mchana jua likiwaka, majani ya baharini yanaupunguza.

"Kwa hiyo jazeni alasiri, Haji. Alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote."

"Binti yangu," Haji akamwambia, "wewe ukinyonya, mimi nilikuwa nimeshameza nusu ya bahari hii. Maji ya alasiri yameshaogewa na wageni wa Marrakesh na watoto wao. Unajua watoto wanafanya nini wakiingia majini?"

Tukacheka, nami nilicheka sana. Ghizlan akatuachia namba ya simu ukutani, akaondoka.

Kiangazi hiki Haji akatangaza kwamba tumebakiwa na mafungu mawili ya chaza wazazi. La kwanza likifa, tunajaribu la pili. La pili likifa, anafunga kituo. Anafunga maana yake mimi, mwenye miaka hamsini na sita na magoti haya, niende kubisha hodi kwenye hoteli kuomba kufua mashuka.

Fungu la kwanza likataga. Usiku huohuo Haji akapata habari ya msiba mjini Sidi Bennur, akaondoka kabla ya alfajiri. "Matangi manne, Rakia. Ukishasali tu."

Nikasali. Nikajaza la kwanza, la pili, la tatu, na mayai nikayatia. Upepo wa kaskazini ulikuwa unavuma siku ya nne, maji yanang'aa kama kioo. Nilikuwa nimemeza vidonge viwili vya magoti. Nikasema nikae kidogo kwenye magunia, pampu ipoe. Kidogo hicho! Niliposhtuka, mwadhini alikuwa anaadhini alasiri, na mate yamenikauka shavuni. Tangi la nne lilikuwa tupu, mayai yake bado yamo ndooni yananisubiri. Nikalijaza mbiombio, maji ya vuguvugu, yenye majani majani, yaliyoogewa na Marrakesh nzima. Kwenye daftari nikaandika: manne, alfajiri.

Siku ya tatu Haji, ameshatoka msibani, akakaa kwenye hadubini. Tone la tangi la kwanza. Akatikisa kichwa. La pili, la tatu. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, sikuweza kumwangalia. Kisha la nne. Akabaki ameinama mpaka nikadhani amesinzia.

"Wanacheza," akasema. "Rakia! Njoo uone, wanacheza!"

Nikainama. Walikuwa wazima, wamejaa, kila mmoja na gamba lake kamili, wanazunguka kama watu wenye haraka ya kwenda sokoni.

"Unaona?" Haji alikuwa analia na kucheka. "Nilisema mimi! Maji ya alfajiri! Hayo mengine sijui yamepatwa na nini, labda husuda. Kesho fungu la mwisho. Matangi yote, alfajiri, nami nitakuwepo mwenyewe."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakuna aliyeniambia kwamba ukifika mwisho wake unamkuta mtu anafurahi. Ningenyamaza, fungu la mwisho lingekufa, na asingejua mtu. Ningesema, ningejivua nguo mbele yake.

"Haji, hilo la nne si la alfajiri."

"Unasema nini?"

"Nililala. Nimelijaza alasiri. Nimeandika uongo."

Akanitazama kama mtu anayesubiri mzaha uishe. "Alasiri ya saa ngapi?"

"Adhana ilikuwa inatoka."

Akaenda kwenye tangi, akatia kidole, akakionja, mzee wa watu, kana kwamba ulimi utamwambia kitu. Kisha akakaa juu ya ndoo. "Yaani ni mimi," akasema. "Miaka yote hii. Ninaamka gizani, natawadha, nakuja kuwanywesha sumu."

"Si wewe, Haji. Ni bahari imebadilika."

"Na Hadda?"

Nilijua swali hilo litakuja. "Hadda hakuwahi kugusa klorini. Nilijua siku uliponiuliza."

Nikasubiri anifukuze, nikatamani hata. Akasugua uso kwa viganja. "Nikikufukuza wewe nibaki na nani, na haya machujio? Nenda kamwambie."

"Twende wote."

"Mimi sina uso wa kwenda pale."

"Na mimi ninao?"

Akachukua chujio, akaanza kulisuuza.

Matangi ya fungu la mwisho tuliyajaza alasiri. Vumbi likaishi, si lote, lakini likaishi. Nikampigia Ghizlan kumwambia. Akafurahi, kisha sauti ikashuka. "Alasiri itawapa miaka kadhaa, mama. Ukali unaongezeka tu. Mtaanza kutia magadi kwenye maji kuupunguza, halafu tutaona." Nikamwambia miaka kadhaa inanitosha, magoti hayana zaidi ya hiyo.

Kwa Hadda nilikwenda Ijumaa. Nilikuta mlango wazi, yeye amekaa sebuleni na mjukuu wa miezi mitano amelazwa kwenye mto mbele yake, hajampakata. Mezani palikuwa na mikate miwili ya dukani kwenye mfuko wa plastiki. Nilisema yote nikiwa nimesimama: pampu, magunia, tangi la nne, neno langu. Nilisema ni maji, ilikuwa maji siku zote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

"Mimi sikujua," Hadda akasema. "Mimi niliwaamini wale waliosema mkono wangu umekufa." Akaigeuza mikono yake, juu, chini. Ilikuwa imepasukapasuka kwa kusuguliwa. "Huyu mtoto sijambeba tangu azaliwe, Rakia. Nimeogopa."

Akamnyanyua mtoto kifuani, taratibu, kisha akaniambia nifunge mlango nikitoka.