Simbamangu Akiwa Hewani

Makubaliano na kaka yake yalikuwa mepesi, na Mugure aliyakubali mwenyewe kwa mdomo wake usiojua kunyamaza. Akimpiga picha simbamangu, yule paka-mwitu hodari wa kuruka, akiwa hewani, miguu yote minne imeacha ardhi, atabaki Turkana. Akimkosa tena, atafunga studio yake ya Lodwar na kurudi kwa mama yao Nyeri. Kaka yake Wainaina alishakuja na pikapu, na vitu vya studio vilishapakiwa: viti, taa, hata lile pazia la maporomoko ya maji ambalo nusu ya maharusi wa Lodwar wamesimama mbele yake.

"Mwaka mzima unatuambia unapiga picha za wanyama," Wainaina alisema wakiingia Kakuma kwa jaribio la mwisho. "Mimi nimeonyeshwa mkia tu!"

Ni kweli, jamani. Kamera yake ilikuwa nzito kuamka: ukibonyeza, inafikiri kwanza, ndipo inapiga. Simbamangu hangoji mtu afikiri. Kwa binadamu Mugure alishapata dawa. Mteja akikaa, huhesabu "Moja! Mbili! Tatu!" kwa sauti ya mchuuzi, lakini hubonyeza kwenye mbili, maana kwenye tatu watu hukakamaa na kufumba macho. Sasa mnyama wa porini utamhesabia?

Kulipopambazuka walikuwa kwa Mama Awoi, mfugaji mwenye kisima kwenye mchanga wa mto Tarach. Kila jioni, mbuzi wake wakishakunywa, Awoi huacha maji kidogo horini, kwa sababu ndege nao wana kiu. Asubuhi firigogo huja kunywa, na simbamangu huja kuwala firigogo.

"Ejok, vizuri," Awoi alinong'ona. "Paka iko pale, nyuma ya mti ya mswaki. Wewe nyamaza kabisa. Na huyu kaka yako asipige chafya."

Wainaina akalala kifudifudi mchangani na shati lake jeupe. Firigogo wakatua, wakajipanga kando ya hori. Ndipo Mugure alipoyaona masikio mawili marefu, yenye vishungi vyeusi nchani, yakichomoza polepole nyuma ya majani. Mungu wangu, ni yeye! Mnyama akajikunja, makalio yakatikisika. Wasiwasi ukamzidi Mugure, na mdomo ukafanya kazi uliyoizoea.

"Moja!"

Weee! Firigogo wote wakaruka kwa mpigo mmoja. Awoi alijishika kichwa. Wainaina aliguna kama mtu aliyekanyagwa.

"Mbili!" Mugure akapaza sauti, asiweze tena kujizuia, na kidole kikabonyeza.

Ndege walikuwa wamepaa juu, basi simbamangu naye akapaa kuwafuata, wima, juu kuliko siku zote. Kamera ilifikiri, kisha ikapiga. Mnyama akashuka na ndege mdomoni, akatokomea vichakani.

Mugure aliketi mchangani. Amepiga kelele kisimani kama mwendawazimu! Akamsukumia Wainaina kamera.

"Angalia wewe. Mimi siwezi."

Wainaina aliikinga kamera na jua kwa kiganja. Akatazama. Akatazama tena.

"Ni mkia?" Mugure aliuliza. "Sema basi!"

Awoi alichungulia begani kwa Wainaina, akacheka mpaka shanga za shingoni zikalia. "Akuj, Mungu! Paka inaruka kama kijana ya edonga, ile ngoma yetu!"

Mugure akaipokonya kamera. Simbamangu alikuwa pale, mzima mzima, juu kabisa ya hori, makucha wazi, na katikati ya makucha firigogo mmoja ambaye bado hajaguswa. Mugure alipiga ukelele uliowaamsha mbuzi wa ng'ambo ya mto. Akamkumbatia Awoi, wakarukaruka pamoja mchangani.

Wainaina alijifuta vumbi kifuani, akatoa simu.

"Haloo, Mama? Tuko Kakuma. Hajambo, ndiye huyo unayemsikia." Akamtazama dada yake. "Kile chumba ulichomfagilia, mlaze mgeni mwingine. Huyu harudi."