Bakuli la Bihogo

Mama mkwe wangu Nahimana alipohamia kwetu Ndera, alikuja na begi moja, chombo chake cha mti cha kukamulia maziwa, na mbwa. Habari ya mbwa hatukuambiwa. Mume wangu Ntare alifungua mlango wa gari, na kabla mama yake hajatoa hata mguu, likaruka jibwa la kahawia, limekonda, lina mvi mdomoni, likanusa viatu vyangu na kupiga chafya.

"Huyo ni Bihogo," Mama akasema kutoka ndani ya gari. "Ana adabu."

Bihogo ni jina la ng'ombe. Watu wa Nyagatare, kwao Mama, wameoana na ng'ombe zao kiasi kwamba hata mbwa hawawezi kumwita kitu kingine. Mimi Akoth, Mjaluo wa Kisumu, niliyekua na mbwa wanaoitwa Tiger na Poppy, nilicheka mpaka Ntare akanikanyaga mguu.

Kuna wanawake wanaofunga na kuomba wasiletewe mama mkwe. Mimi nilimtaka wangu. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa sekondari, na sisi wawili, mimi na Ntare, tunatoka asubuhi kwenda ofisini na kurudi jioni kwenye nyumba iliyo kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Nahimana alikulia Karagwe, ukimbizini, kwa hiyo Kiswahili anacho, cha Tanzania chenye Kinyarwanda ndani yake kama maharage ndani ya kande. Akicheka huziba mdomo kwa kiganja, lakini mabega yanamsaliti. Nilimpenda tangu siku ya posa, na sioni haya kusema.

Basi nikamhudumia kama malkia. Chai namletea, sahani namtolea. Alipoomba jembe apande maharage nyuma ya nyumba, nilimwambia, "Mama, wewe kaa. Umelima vya kutosha." Akakaa. Lakini begi lake liliendelea kusimama nyuma ya mlango wa chumba chake, zipu imefungwa, nguo zote ndani. Kila nikipiga deki nililiona, na moyo unaniuma.

Siku Daktari Shallon alipokuja kumchanja paka wangu Waziri, nikamwomba amtazame na Bihogo. Alimpapasa mbavu, akamfungua mdomo, akavuta manyoya yakabaki mkononi.

"Anakula nini?"

"Ubugali," Mama akajibu. "Na chai ya maziwa. Na kile tunakula."

"Mzee wa miaka hii, Mama, hiyo haimtoshi. Mtafutieni chakula cha mbwa kilicho kizuri, cha dukani. Akoth, kabla hujanunua, nipigie."

Sikupiga. Mimi nina shahada, nitapigaje simu kuuliza chakula cha mbwa? Niliingia duka kubwa, nikachukua mfuko uliopendeza kuliko yote, wenye picha ya mbwa aliyeoga na kuchanwa nywele, na ndani biskuti za umbo la mfupa, nyekundu, kijani na njano. Nilipofika nyumbani nikamimina bakuli likajaa, nikaliweka mbele ya Bihogo kwa mbwembwe. Bihogo akalitazama bakuli, akamtazama Mama. Mama akatazama ukutani.

Asubuhi bakuli lilikuwa tupu, na ikawa hivyo kila siku. Nikajisifu ofisini mpaka wenzangu wakachoka. Ila mbwa mwenyewe hakunenepa. Mbavu zilizidi kuonekana, na akilala alikuwa anagumia kama mzee mwenye mawazo.

Kisha Jumatano jioni Ntare akanikuta jikoni, akafunga mlango.

"Mama anasema Jumamosi anarudi Nyagatare. Anasema Bihogo anaisha. Afadhali afie kwenye ng'ombe kuliko kwenye sementi."

Nilikaa kwenye ndoo. Na hapo hapo ndipo hodi ikabishwa mlangoni, akaingia jirani yetu Gratien, seremala mwenye karakana kule Gisozi, amebeba trei ya mayai na tabasamu la kuniudhi.

"Madamu Akoth, nimekuja kukushukuru. Kuku zangu ziko zinataga kama zimelipwa! Ile chakula munaniletea iko nzuri sana."

"Chakula gani?"

"Ile ya rangi rangi. Mukecuru, ule mama muzee wenu, anazimwagia kila asubuhi juu ya ukuta."

Hasira zangu hazina breki, kila anijuaye anajua. Niliyapokea mayai, nikamshukuru Gratien kwa meno yaliyokazwa, nikaenda hadi sebuleni. Mama alikuwa amekaa na Bihogo miguuni, anamlisha ubugali kutoka kwenye sahani yake mwenyewe.

"Mama! Chakula changu unawapa kuku wa watu?"

Ntare nyuma yangu akanong'ona, "Akoth, taratibu." Mama hakushtuka. Alifuta vidole, akanitazama kwa upole ulionichoma zaidi ya matusi.

"Kuku hazina heshima, mukazana," akasema. Mukazana ndilo jina alilonipa, mke wa mwanawe. "Kuku anakula kitu yoyote. Lakini Bihogo nimemlea. Wewe ile chakula uliionja?"

"Kuonja? Chakula cha mbwa?"

"Ulimpa bila kuonja."

Nikamgeukia Ntare anisaidie. Ntare akajikuna kisogo. Hapo ndipo akanieleza, na kwa aibu, maana ni yeye aliyepaswa kunieleza zamani: kwao pombe, maziwa, hata maji, mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo anampa. Wanaita kusogongera. Ni kumwambia mgeni kwamba mkono wangu ni safi na moyo wangu pia. Nilikuwa nimeliona jambo hilo kwenye harusi, wazee na mirija yao, nikadhani ni la pombe na wazee.

"Lakini huyu ni mbwa, Mama," nikasema.

"Ni mbwa mgeni. Kama mimi. Na mgeni hasemi, mgeni anangoja."

Ningeweza kubishana. Kubisha nako ni kipaji changu. Badala yake nikaenda stoo, nikarudi na ule mfuko wa picha nzuri, nikatoa mfupa mwekundu na kuutia mdomoni mbele ya watu wote. Mungu wangu! Ulikuwa na ladha ya sabuni iliyolala kwenye sukari. Nikakimbilia dirishani kutema. Niliporudi, Mama alikuwa ameziba mdomo na mabega yanacheza, na Ntare anajifanya anakohoa.

"Yebaba we!" Mama akasema, machozi yakimtoka. "Sasa Bihogo angefanya nini?"

Usiku huo huo nilimpigia Daktari Shallon. Alinicheka kwanza, ndipo akanisaidia.

"Rangi zile si za mbwa, dada. Mbwa hajali rangi. Ni za kukufungulisha wewe mkoba. Kesho ukienda, usinitumie picha ya mbele ya mfuko. Nitumie ya nyuma."

Kesho yake nilitoka kazini nikashuka kituo cha Sonatubes, penye maduka. Duka la kwanza walikuwa na gunia wazi la chakula cha mbwa sakafuni, wanachota kwa kopo na kufunga kwenye mifuko ya karatasi. Nikauliza kimetengenezwa na nani, muuzaji akasema, "Na wazungu." Nikauliza kinaisha lini muda wake, akasema, "Kikiisha tunaleta kingine." Nikamtakia siku njema.

La pili lilikuwa la Usumani, Mtanzania wa Kigoma mwenye kofia safi na maneno mengi. Alinishushia mifuko ukutani mmoja baada ya mwingine, na mimi nageuza kila mmoja na kupiga picha mgongo wake. Shallon alikuwa anajibu kwa ujumbe wa sauti, na nikalisikilizisha duka zima.

"Huo rudisha," simu ikasema. "Umeona kitu cha kwanza walichoandika? Mahindi. Huo ni ugali wa bei mbaya."

Wateja wakacheka. Usumani akaguna, akashusha mwingine.

"Huo wanasema 'mazao ya wanyama'. Mnyama gani? Nyama iwe na jina lake, kuku au ng'ombe au samaki. Asiyetaja jina ana sababu."

"Daktari wako ana kesi na mimi," Usumani akasema, lakini sasa naye alikuwa amevaa miwani, anasoma migongo ya mifuko yake mwenyewe kwa mshangao. Ndiye aliyeupata, mfuko wa kijivu usio na mapambo, uliokuwa nyuma kabisa. Cha kwanza kilikuwa kuku, kimeandikwa hivyo hivyo. Kulikuwa na maneno yanayosema ni chakula kamili cha mbwa mzee, jina na anwani ya kiwanda, tarehe ya mbali, na mfuko wenyewe ulikuwa umefungwa vizuri, haujaguswa na panya wala kopo.

"Huo," Shallon akasema. "Lakini usimbadilishie ghafla. Mchanganyie na ubugali wake, uongeze kidogo kidogo kwa wiki nzima, la sivyo utafua mazulia. Na Waziri usimpe, paka si mbwa mdogo. Mchukulie chake."

Nikachukua na cha Waziri. Kisha nikamwambia Usumani, "Kaka, mimi natoka kwenye nyumba ya watu wenye mila. Hebu kionje kwanza."

Usumani akaweka mkono kifuani. "Dada yangu, ningekionja kwa moyo mmoja. Lakini leo Alhamisi, nimefunga."

Jioni ile niliufungua mfuko sebuleni, mbele ya Mama. Nilichukua bakuli, nikaweka ubugali na punje kidogo za kile chakula kipya. Kisha nikapiga magoti, maana nilitaka jambo hili liwe sawa, nikachukua punje moja, nikatafuna taratibu, nikameza. Ilikuwa kama kande isiyo na chumvi iliyopikwa karibu na dagaa. Si tamu, ila ni chakula. Nikalishika bakuli kwa mikono miwili na kumpelekea Bihogo.

Mbwa akamtazama Mama.

"Kula," Mama akasema.

Akala. Akalamba bakuli, akalisukuma kwa pua mpaka likagonga kabati, akageuka kunilamba mkono. Nilimkumbatia lile jibwa nikasahau kwamba nimevaa nguo za kazini. Jumamosi ikafika, na Mama akasema safari ingoje kidogo, aone tumbo la mbwa litasemaje. Tumbo likasema vizuri. Lakini begi lilibaki nyuma ya mlango, na zipu yake imefungwa.

Wiki zikapita. Bihogo akaota manyoya ya kung'aa, akaanza kumkimbiza Waziri kuzunguka nyumba, si kwa ubaya, ni kwa afya tu. Gratien akaja kulalamika kwamba kuku wake wamegoma. Kila nikifungua mfuko mpya niliendelea kuonja, na kazini wakanipa jina ambalo sitaliandika hapa.

Siku moja ya Jumapili, tumetoka kanisani, nikaufungua mfuko mwingine. Bakuli liko tayari, Bihogo ameketi, anadondosha mate kwa adabu. Nikanyoosha mkono kuchukua punje yangu. Mama akanishika kifundo cha mkono.

"Lete hapa."

Akachukua punje, akaiweka kwenye upande wenye meno, akatafuna kwa kituo, macho juu darini, kama anaonja pombe ya harusi. Ntare alikuwa anafungua tai. Mikono yake ikasimama shingoni.

"Mama," akasema polepole, "anayeonja ni mwenye nyumba."

"Yego," Mama akakubali, akiendelea kutafuna. "Kwani munafikiri nani anakaa hapa?"

Akameza, akakunja uso, akasema chumvi hakuna kabisa, kisha akainama na kuliweka bakuli chini kwa mikono yake mwenyewe. Bihogo hakusubiri kuambiwa mara mbili. Mabega ya Mama yalikuwa yanacheza tena.

"Na ile jembe, mukazana," akasema. "Mvua iko inakaribia."

Nilikwenda chumbani kwake kwa kisingizio cha kufungua dirisha. Nguo zilikuwa zimepangwa kabatini, chombo cha maziwa kiko juu ya meza, na begi liko wazi, tupu, Waziri amelala ndani yake. Nikakaa kitandani nikalia kwa furaha, na paka akanitazama kwa dharau. Kisha nikafuta macho na kwenda kumtafutia Mama jembe.