Kielelezo cha Kwanza

Chumba cha upelelezi kilikuwa na viti vitatu. Kimoja alikalia Mkuu. Cha pili lilikalia koti la Mkuu. Cha tatu alipewa mlinzi mzee, kwa kuwa yeye ndiye shahidi, na shahidi akichoka husahau. Mchoraji alipewa ndoo. Waliigeuza chini juu, wakaipangusa kwa gazeti, wakamwambia karibu, naye akakaa, ubao wa kuchorea mapajani, magoti yamekaribia kidevu kama mtu aliyechuchumaa chooni.

Mtaani walimwita Penseli. Ni kwa ajili ya kazi, si umbo. Kwa umbo alikuwa kifutio. Miaka ishirini na mbili alikuwa mchoraji wa kujitegemea, na kujitegemea maana yake ukiumwa ni shauri lako, na ukipona hakuna aliyejua kwamba uliumwa. Alichora watoto wanaopiga mswaki, wakulima wanaomwaga mbolea, wajawazito wanaokwenda kliniki wakicheka. Mwenye dawa za minyoo alimrudishia kazi mara nne kwa sababu minyoo inatisha. Yeye alitaka minyoo yenye haya. Watu wa mradi mmoja walitaka familia maskini. Akachora. Wakasema maskini ndiyo, lakini si hivyo, dada. Tunataka maskini wenye matumaini. Akawaongezea meno.

Leo alikuja kwa sababu mchoraji wa idara alikuwa amestaafu na nafasi iko wazi. Mkuu alimwambia kwa simu: "Njoo niuone mkono wako. Ukinipa sura leo, hiyo nafasi tutaizungumza." Ajira. Mshahara wa kila mwezi, kadi ya matibabu, kiti chenye mgongo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na uti wa mgongo wa miaka sabini.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Jumapili mchana watu waliingia nyumbani kwa mheshimiwa mmoja, wakaondoka na televisheni na mabegi mawili ambayo mheshimiwa hakutaka kusema yana nini. Alitaka tu yarudi, tena yarudi hayajafunguliwa. Aliyekuwepo ni mlinzi wa getini peke yake, na mlinzi alikuwa amelala. Kila mtu mle chumbani alilijua hilo, pamoja na koti. Lakini mlinzi akisema alilala, kazi hana. Kwa hiyo aliona.

"Haya, mzee, eleza," Mkuu akasema. "Mtu gani?"

"Mwanamume."

"Vizuri. Wa namna gani?"

"Wa... wa kawaida."

"Pua?"

"Pua alikuwa nayo."

Mkuu akafumba macho, akayafumbua. Penseli akaingilia kwa upole, maana upole ndio sehemu ya kazi isiyolipwa. "Mzee wangu, pua nene au nyembamba?"

Mzee akaangaza kuta kama mwanafunzi anayetafuta jibu darini. "Ya kati, mwanangu."

"Macho?"

"Ya kati."

"Umri?"

"Hapo hapo katikati."

Mchoraji yeyote atakwambia: ukiambiwa chora mtu, mtu tu, mkono hauna pa kwenda, unarudi kwao. Na mkono wa Penseli ulikuwa na kwao kumoja tu. Alipokuwa anajifunza, kwa kitabu kilichonyofolewa kurasa, hakuwa na wa kumkalia achorwe ila mdogo wake, aliyekubali kutulia kwa ujira wa ukoko wa mkate. Akamchora hadi akamjua kuliko alivyojijua. Tangu hapo kila mwanamume aliyetoka kwenye kalamu yake alikuwa na kitu cha yule ndugu: masikio yaliyosimama kidogo, kishimo cha shavu la kushoto, nyusi zinazotaka kusalimiana. Mkulima wa mbolea alikuwa yeye. Baba wa uzazi wa mpango alikuwa yeye, na hana hata mchumba. Katika kitabu cha sayansi cha darasa la nne alikuwa yeye, tumbo limepasuliwa, utumbo unaonekana wote, na chini yake pameandikwa *Kielelezo cha 7*.

Basi watu wakamwita Kielelezo, naye akaitika. Alikuwa mtu wa kuitika, fundi wa friji mwenye mizaha, ukimwita kwa mbali yuko kwa karibu. "Dada," alikuwa akimwambia Penseli, "umenipa minyoo, umenipa mke, umenipasua tumbo. Gari utanipa lini?"

"Basi chora huyo huyo wa kati," Mkuu akasema. "Mheshimiwa anataka sura kwenye taarifa ya habari ya saa kumi."

Akachora. Mkuu alisimama nyuma yake akitafuna njiti ya kiberiti. "Mkazie macho. Mwizi hana macho ya huruma." Akayakaza. "Taya." Akampa taya. Mlinzi alikuwa ameganda anatazama ukutani, kule juu ya lile koti. Akatazama karatasi, akatazama tena ukutani.

"Ndiye!" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua gunia. "Ndiye huyu! Uso huu nimeuona. Haki ya Mungu nimeuona!"

Penseli akageuka. Juu ya koti palikuwa na bango, limefifia, kona moja imelegea. RAIA MWEMA NI JICHO LA POLISI. Raia mwema alikuwa anatabasamu, masikio yamesimama kidogo. Penseli alimchora mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, kwa niaba ya niaba ya mtu aliyepewa ile kazi. Akarudisha macho mapajani, akatafuta kifutio.

"Mkuu, ngoja kidogo. Nimekosea. Nirudie."

Kifutio hakikufika. Mkuu alikwisha kuinyakua karatasi. "Ukosee wapi, na shahidi kasema ndiye?"

"Shahidi ameona bango. Hilo hapo. Na huo uso ni... ni mazoea ya mkono wangu, huwa unanitoka wenyewe."

"Mama, mimi nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Uso haumtoki mtu wenyewe." Hakugeuka kulitazama bango. Lilikuwa nyuma ya mgongo wake miaka mitatu na hajawahi kuligeukia. Kwa nini aanze leo? "Wewe umeitwa kuchora. Kufikiri kuna watu wake. Lakini mkono unao. Kweli, mkono unao."

Angeweza kusema, huyo ni mdogo wangu. Neno lilifika kwenye meno. Akajiambia kwamba akimtaja atakuwa amewapa anwani, na hiyo ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli vilevile kwamba katika miaka ishirini na mbili hakuna mtu mwenye ofisi aliyewahi kumsifu mkono, na kwamba alilimeza lile neno akiwaza kiti.

Saa kumi sura ikatoka. Kabla ya jua kuzama watu arobaini walikuwa wamepiga simu kusema wanaujua uso ule. Hakudanganya hata mmoja. Walisoma nao darasa la nne.

Jumatano Kielelezo alikamatwa, mkoba wa bisibisi begani. Jumapili ile yote alikuwa zahanati anatengeneza friji la chanjo. Nesi akaenda kituoni kusema hivyo, na daftari la wageni mkononi. Akaambiwa arudi kwenye sindano zake. Mabegi mawili hayakuonekana, lakini mheshimiwa alihojiwa kwenye televisheni akasema ana imani na vyombo vya dola, na vyombo vya dola vikapumua.

Penseli akakusanya kazi zake zote zilizokuwa uvunguni, vitabu, vipeperushi, mabango, akavijaza kwenye mfuko wa sementi na kwenda kwa Mkuu. Safari hii hata ndoo haikuwepo. Akavipanga mezani mwenyewe, kimoja kimoja.

"Tazama, Mkuu. Mkulima. Baba mwenye familia. Huyu wa utumbo. Huyu anayenawa mikono. Wote ni yeye. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Mimi nikichora mwanamume natoa huyu. Sijui mwingine."

Mkuu akavipekua kwa kidole kimoja, kama mtu anayeogopa upele. "Kwa hiyo unakubali ile picha ni yake."

"Nakubali kwamba nimemchora, lakini siku ile..."

"Unakubali au hukubali?"

"Nakubali, ila..."

"Basi tumekubaliana, tunagombana nini?" Akamchukua yule wa utumbo, akamsogeza kwenye mwanga, akacheka kidogo kwa puani. "Yaani miaka yote hii nchi nzima inamtazama mtu huyu, na hakuna aliyemshuku! Niachie hizi. Zinaonyesha ni mtu mwenye historia."

"Mkuu, nakuomba. Nimekuja kama dada."

"Na mimi nakujibu kama kaka. Ile nafasi bado naishikilia. Watu wanaitaka, wengine wana vyeti. Lakini nimewaambia wakubwa: yule mama alichora Jumatatu, Jumatano tumekamata. Cheti gani kinaishinda hiyo? Sasa usiniharibie. Utaitwa mahakamani, useme kazi ni yako, ukae chini. Basi."

Kule mahabusu Penseli aliruhusiwa dakika tano, waya katikati. Kielelezo alikuwa amenyolewa, na masikio yalisimama zaidi. Penseli akamwambia yote: ndoo, mzee, bango, neno alilolimeza. Alilisema hilo la mwisho akitazama waya. Mdogo wake akaingiza kidole kwenye tundu la waya.

"Ulikuwa unaniambia mchuma janga hula na wa kwao," akasema, "kila nikivunja kikombe."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Hiki kikombe kikubwa, dada." Kisha mzaha ukamrudia, au aliuvuta kwa nguvu. "Halafu mimi nilisema gari. Gari! Si karandinga la magereza."

"Nitawaambia. Mahakamani nitawaeleza mpaka waelewe."

"Waeleze polepole," akasema. "Wale wanaandika kwa mkono."

Mahakama ilikuwa na feni moja iliyozungusha shingo kama mtu anayekataa. Wakili hakuwepo, fundi friji na wakili hukutana friji ya wakili ikiharibika. Mlinzi alitangulia, akasema aliona, na kila alipoulizwa aliona zaidi. Alikuwa na sare mpya. Nesi hakuitwa, alisimama mlangoni na daftari lake. Kisha Penseli akaitwa, akaapa, akaonyeshwa kiti cha mashahidi. Mwendesha mashtaka akamletea karatasi ikiwa ndani ya plastiki.

"Hii unaifahamu?"

"Naifahamu."

"Kazi ya mkono wa nani?"

"Wangu. Mheshimiwa hakimu, naomba nieleze ilivyokuwa, kwa sababu..."

"Aliyechorwa hapa yumo humu ndani?"

"Naomba nianze na lile bango..."

Hakimu hakuinua kichwa. "Shahidi, jibu ulichoulizwa. Hapa si mahali pa hadithi."

"Yumo?" mwendesha mashtaka akarudia.

Penseli akamtazama mdogo wake kizimbani. Alikuwa ameegemea chuma, macho mazito, usingizi wa watu sitini katika selo ya ishirini. Akaliangalia sikio. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinalifuata juu ya goti, mviringo, kona, ndewe, bila yeye kukituma.

"Yumo. Lakini mkono wangu..."

"Ahsante. Inatosha."

"...mkono wangu haujui mtu mwingine!"

Watu wakacheka. "Mkono haukushtakiwa," hakimu akasema, nao wakacheka zaidi, maana cha hakimu huchekwa. "Ipokelewe."

Karani akaichomoa karatasi kwenye plastiki, akapuliza muhuri, akaugonga. Ukaangukia shavu la kushoto, pale kwenye kishimo. Akaiinua juu watu wote waione, akakohoa, akatangaza kwa sauti ya kazini:

"Kielelezo cha kwanza!"

"Naam!"

Kielelezo alikuwa amezinduka kizimbani, kichwa juu, kama alivyozinduka maisha yake yote mtu akimwita toka ng'ambo ya barabara, friji imekufa. "Naam. Nipo."

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Askari akageukia ukuta apate kucheka na sare yake. Aliyekuwa hacheki ni mwendesha mashtaka; alikuwa na utulivu wa mtu aliyeokota pochi na hakuna anayemtazama.

"Mheshimiwa, naomba iingie kwenye kumbukumbu. Kielelezo kimetajwa, mshtakiwa ameitika."

"Iingie." Kalamu ikaanza kutembea, ikasimama. "Amesema naam au ndiyo?"

"Naam, mheshimiwa," karani akasema. "Halafu nipo."

"Na nipo," hakimu akarudia polepole, akiandika.

Kizimbani mdogo mtu akatabasamu kidogo, kwa kuwa wote walikuwa wanacheka naye hakuzoea kuachwa nje ya mzaha, akamtafuta dada yake kwa macho amweleze kilichochekesha. Benchi la mbele Mkuu aligeuka, akamwinulia Penseli kidole gumba, akachezesha midomo bila sauti: Jumatatu unaanza.

Kiti cha mashahidi kilikuwa na mgongo, mrefu, wa mbao nzuri. Penseli alikuwa amekikalia ukingoni, magoti juu, kana kwamba ni ndoo.