Nipe Mji

Usingizi unamchukua Mbwarali Athman mchana kweupe, barazani kwake Magongo, Mombasa, tumbo limejaa wali wa nazi, simu iko kifuani, na mkewe Mwanatime amemnunia. Amemnunia kwa haki, tusidanganyane. Kabla ya chakula binti yao Swabra, ambaye ni rubani msaidizi wa ndege za mizigo huko Nairobi, amepiga simu akasema, Baba, nimepangiwa safari ya saa kumi alasiri hii, tunapeleka dawa kule kwenye vita, na wiki jana ndege ya wenzetu imetunguliwa huko huko, kapteni ameniambia niamue mwenyewe, sasa nakuuliza wewe, niende au nisiende? Na baba mtu, badala ya kujibu, akauliza, Ndege gani? Swabra akasema, Dakota. Lo! Hapo ndipo mzee alipopotea. Maana Mbwarali miaka yake yote ya kazi alikuwa karani wa forodha bandarini, lakini kichwa chake kilikuwa angani, na ukitaka kumaliza kikombe chako cha kahawa kwa amani hapa Magongo, mtajie mpira, mtajie siasa, ndege usimtajie. Dakota! akasema, mwanangu umepata bahati ambayo mimi babako sijaipata, hiyo ndege imebeba vita vizima vya dunia, pua juu mkia chini, injini moja ikizimika nyingine inakurudisha nyumbani, si kama hizi za siku hizi, kompyuta zilizotiwa mabawa, wewe panda, haina neno. Swabra akasema, Haya Baba, ahsante, akakata. Mwanatime, aliyekuwa akipepeta mchele pale pale, akasema, Mtoto akuuliza roho yake, wewe wamtajia injini. Mbwarali akasema, Si nimemjibu, mama Swabra? Dakota haianguki ovyo. Mwanatime akasema, Kwani kutunguliwa ni kuanguka? Basi wamekula, Mwanatime ameingia ndani, na Mbwarali amejinyoosha mkekani apumzishe macho, atampigia mtoto baadaye, saa kumi bado iko mbali.

Baraza lake lina ngazi tatu. Sasa anazishuka, anashuka ya nne, anashuka ya tano, kila akidhani amefika chini mguu unakuta nyingine, wala hashangai, anashuka tu mpaka anakanyaga lami, na lami ni ya uwanja wa ndege, anaijua kwa harufu, ule moto uliochanganyika na mafuta. Ila uwanja huu hauna mwisho. Barabara ya kurukia inakwenda mbele hadi macho yanachoka, na pembeni zimepangwa ndege zote alizozipenda maishani, zile za picha na zile alizoziona kwa macho yake akiwa mdogo, zimesafishwa zinang'aa, naye anapita akizisalimu kama mtu aliyefika harusini akakuta ukoo mzima. Hii Comet, injini zake zimefichwa ndani ya mabawa, shikamoo bibi. Hii VC10, injini nne zote ziko mkiani, hakuna ndege nzuri kama hii iliyowahi kutua Afrika Mashariki na atakayebisha aje abishe. Ile ni Fokker, ile ni ndege ya majini, imekaa juu ya kidimbwi kisicho na maji. Ana furaha, jamani, furaha ya mtoto siku ya Idi. Anapita Comet, anapita VC10, anapita Fokker, anapita ndege ya majini, kisha Comet tena, ni ile ile, na VC10 ni ile ile, anatembea na hasogei, na kila akirudi kwenye ndege ile ile anaisifu upya kama hajaiona.

Mbele yake amesimama mtu wa kuongoza ndege, amevaa kizibao cha manjano, ana vibao viwili mikononi, na hana uso. Mahali pa uso ni patupu na laini kama kitako cha sahani. Mbwarali anampa salamu, kwa kuwa mtu ni mtu hata kama hana uso, kisha anauliza, Njia ya kutoka ni ipi, ndugu yangu? Yule anainua vibao na kusema, Kitendawili. Mbwarali, ambaye alilelewa na nyanya yake kwa vitendawili, anajibu bila kufikiri, Tega. Nina bati langu, ndani nimeficha yai, wapitao wote wanasifu bati. Mbwarali anacheka, ni rahisi mno hiki, anasema, Tangi la mafuta. Hujapata. Sehemu ya mizigo. Hujapata. Basi sanduku jeusi. Hujapata, nipe mji. Na hiyo ndiyo kanuni, kila mtoto wa pwani anaijua, ukishindwa kitendawili unampa mtegaji mji, yeye anautembelea anavyotaka kisha anakupa jibu. Mbwarali anasema, Chukua Mombasa. Yule anasema, Nimeuchukua, nimefika Mombasa, jibu lako liko huko huko, nifuate.

Na Mombasa ipo, wameshaingia. Ni Mombasa ya bati tupu, kuta za bati lililosuguliwa mpaka likawa kioo, kila nyumba inaitazama nyumba ya pili, kwa hiyo barabara moja inakuwa barabara mia na Mbwarali mmoja anakuwa kundi la Mbwarali. Maskani yake ya kahawa ipo, na wenzake wamekaa, visogo mbele na visogo nyuma, lakini kwenye kuta za bati nyuso zao zinaonekana vizuri na zinamchekea. Karibu Bwana Mbwarali, tupe habari za dunia. Hapo ndipo anapopapenda, anakaa, anakunja mguu, anaanza. Dunia imeharibika, anasema, vita vya leo ni vya vijidege visivyo na rubani, bei yake haifiki bei ya gari bovu, na aliyevirusha amekaa kwenye kiti anakunywa soda. Zamani rubani alikuwa na uso, ulimwona dirishani, hata adui alimwona. Na viongozi wetu nao, kila wakinunua ndege mpya ni ngoma, maua na hotuba, mwezi haujaisha ndege iko karakana inangoja kipuri. Tulikuwa na shirika moja nchi tatu, ndege zetu zikitua London watu wakisimama kuzitazama, tukagombana tukaligawana vipande kama watoto wanaogawana nyumba ya marehemu. Haswa! wanasema wenzake, na nyuso zao zinaitikia kutani. Kisha redio inasema, Ndege ya mizigo imetunguliwa leo alasiri. Maskani nzima inainuka, inauliza kwa sauti moja, Ndege gani? Na Mbwarali anajisikia akiuliza nao, tena sauti yake ndiyo kubwa kuliko zote. Redio inajibu kwa adabu, inataja aina, inataja injini, inataja mwaka iliotoka kiwandani, na watu wanashusha pumzi, wanarudi kukaa, wanaomba kahawa nyingine. Hakuna aliyeuliza nani alikuwemo. Mbwarali anangoja mtu aulize, anaangalia visogo, anaangalia kuta, hakuna.

Yule mtu wa vibao anamgusa bega. Kitendawili. Mbwarali anasema, Ngoja kwanza, ndugu yangu, hiyo ndege iliyotunguliwa. Kitendawili, anasema yule. Tega. Kimeanguka kimoja, vimevunjika viwili. Mabawa, anasema Mbwarali. Hujapata. Magurudumu. Hujapata, nipe mji. Mbwarali anasema, Chukua Kisumu, kwa maana ndipo ndege za majini zilipokuwa zikitua zamani, na hata sasa, kumbe, bado anafikiria ndege. Mji wa bati unakunjwa kama mkeka na wako Kisumu, Kisumu ya vioo, ziwa limelala halina wimbi, ndege ya majini imetia nanga, na milango yote ya mji, tazama maajabu haya, ni mlango mmoja, mlango wa nyumba yake mwenyewe ya Magongo. Anafungua wa kwanza. Ndani mikeka imetandikwa, wanawake wamejazana, na katikati amekaa Mwanatime, amejifunika leso hadi kichwani. Anaufunga haraka, anafungua wa pili, Mwanatime ni yule yule, mikeka ni ile ile. Anafungua wa tatu. Anauliza, Matanga ya nani haya? Wanawake wanamgeukia, hakuna hata mmoja mwenye uso, na mmoja anasema kwa upole kabisa, Iliyovunjika ni mioyo miwili, yako na yake, si wewe uliyesema haina neno? Mwanatime hainui kichwa. Mbwarali anamwita, mama Swabra, mama Swabra, na Mwanatime haitiki, anajipepea kwa ncha ya leso kama mtu aliyeambiwa habari akaisahau. Sasa Mbwarali anaogopa. Anaogopa kweli, anaurudisha mlango na kukimbia, na barabara ya kurukia ndege iko pale pale ilipokuwa, haina mwisho upande huu wala upande ule.

Dakota imesimama katikati, pua juu mkia chini, propela zinaanza kuzunguka, moshi wa buluu unatoka, na ngurumo ile ambayo maisha yake yote aliiita wimbo inampiga kifuani. Dirisha la kulia lina mtu, na huyu ana uso. Swabra anaweka sawa mtandio wake chini ya hedfoni, jinsi anavyouweka kila siku, kidole kimoja nyuma ya sikio. Mtu wa vibao amesimama mbele ya bawa. Kitendawili cha mwisho, anasema. Tega haraka, anasema Mbwarali. Hii yaenda wapi? Hicho si kitendawili, anasema Mbwarali. Kwako ni kitendawili, anasema yule. Na Mbwarali anafungua kinywa, na kinachotoka ni hiki, kwamba kila injini ina nguvu za farasi elfu moja na mia mbili, kwamba bawa hadi bawa ni futi tisini na tano, kwamba inaweza kutua kwenye uwanja wa mpira na kunyanyuka tena, anazungumza na machozi yanamtoka, anajua kila msumari wa ndege hii na hajui mtoto wake anapelekwa wapi. Hakuuliza. Kule kwenye vita, mtoto alisema, na kule ni wapi, mji gani, una uwanja au una vichaka, nani anapigana na nani, nani anakupokea ukitua? Hakuuliza hata moja. Hujapata, anasema yule, nipe mji. Chukua Nairobi, anasema Mbwarali. Nairobi ndiko anakotoka, anasema yule, si wako kuutoa. Chukua Lamu, chukua Malindi, chukua London. Nataka mji anaokwenda, anasema yule. Siujui! anapiga kelele Mbwarali. Wallahi siujui jina lake! Basi kama huna mji, anasema yule, nitachukua kilicho ndani ya bati, na anainua vibao vyote viwili kuipungia Dakota iondoke.

Mbwarali anakimbia mbele ya propela. Mtu mzima, mpenzi wa ndege, anayejua vizuri kuliko watu wote kinachompata anayesimama pale, anakimbia na mikono juu. Shuka! anasema. Swabra, shuka mwanangu, shuka kwenye bati hilo bovu! Halijui lolote hilo, ni sufuria tu lililowekwa mabawa, limezeeka, lina mwendo wa punda, mtoto mdogo atalilenga kwa jiwe, shuka! Anaitukana Dakota matusi ambayo ulimi wake haukuwahi kuitukania hata baiskeli, na upepo wa propela unayachukua maneno yote unayatupa nyuma, hata yeye mwenyewe hayasikii. Swabra anatazama mbele. Ndege inaanza kusogea. Mbwarali anaketi chini kwenye lami ile ya moto, analia kwa sauti, analia kama alivyolia siku aliyomzika mamake, na kati ya kilio anasema maneno ambayo hayana ndege ndani yake, anasema, Nisamehe mama, Swabra wangu, uliniuliza nami sikukusikia, usiende, naogopa, babako naogopa.

Simu inalia kifuani. Yuko mkekani, barazani, shati limelowa jasho, na barabarani mtu anapita na mkokoteni wa maji. Anaishika simu kwa mikono miwili. Baba, anasema Swabra, nimeshuka. Mbwarali anainuka, anakaa. Swabra anasema, Kapteni naye ameshuka, amesema hendi peke yake, dawa zimebaki uwanjani na kuna watu wanazingoja, Baba, hilo linaniuma, lakini nimeshuka. Mbwarali anasema, Alhamdulillahi, anasema mara ya pili na ya tatu, kisha anauliza kwa sauti ndogo, Nini kimekufanya ushuke? Si wewe, Baba? anasema. Si umenipigia sasa hivi, tushawasha injini, ukaniambia nishuke? Sikujua kama nawe huwa waogopa. Sijawahi kukusikia ukilia maishani mwangu.

Mbwarali anaiondoa simu sikioni na kuitazama. Leo hajampigia mtu yeyote, kuna ile simu moja aliyopigiwa kabla ya chakula na hii anayozungumza sasa. Anageuka mlangoni. Mwanatime amesimama pale, jua la uani liko nyuma yake, uso hauonekani vizuri, anauliza, Nani huyo? Mbwarali anataka kumwambia asogee kidogo, atoke kwenye jua, lakini hasemi. Simuni Swabra anaita, Baba? Baba, upo? Kuna mengi ya kuuliza, na mtu mwingine angeuliza, angetaka kujua ilikuwa simu gani hiyo na ilipigwa kutoka wapi. Yeye hathubutu, asije akaamka. Anairudisha simu sikioni, anaishika kwa nguvu, na kumwambia binti yake, Nipo, mama. Umekula?