Lucy Kwenye Pembe ya Picha

Siku ya tatu baada ya kuanua matanga ya baba yake, Tulinagwe alivuta kasha la mbao lililokuwa chini ya meza ya studio, na ndani ya bahasha ya kaki akamkuta mdogo wake Lucy.

Ilikuwa negativu ya zamani, kubwa kama kiganja, ya ile kamera ya mbao ambayo baba yake, mzee Ezra, aliitumia kabla kamera ndogo hazijajaa mjini Kyela. Aliiinua dirishani. Baba na mama walikaa katikati, baba ameshika mpira wa kufyatulia kamera kwa mbali. Pembeni kabisa, karibu na stuli yenye chombo cha maua, alisimama mtoto wa miaka mitatu. Picha hiyohiyo ilikuwa imening'inia sebuleni maisha yao yote, lakini ile ya sebuleni haikuwa na mtoto. Juu ya bahasha baba yake alikuwa ameandika kwa penseli: *Lucy apigwe tena Jumamosi.*

Tulinagwe hakuelewa. Alijua tu kwamba Lucy alikufa kwa homa mwaka huohuo, na kwamba hakuna picha nyingine.

Mama yake, Sekela, alipoambiwa, aliweka chini ungo wa mchele.

"Lucy? Unasema Lucy wangu?"

"Ndiye, mama."

"Sura yake imenitoka, mwanangu. Miaka yote hii naichukua sura yako naiita yake." "Nikuzie picha yake. Iwe kubwa kama sinia. Na usikawie, maana kila nikiamka naona pungufu ya jana."

Hilo la macho lilikuwa kweli. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha zima, na daktari alikwisha sema la kushoto nalo litalifuata, hakuna cha kupasua.

Kwanza Tulinagwe alikimbilia njia fupi. Kijana mmoja wa duka la fotokopi aliipiga negativu kwa simu, akaigeuza, akaitoa kubwa yenye kung'aa. "Alikuwa na ukunguukungu, mama, nikamsafisha kwa programu ya simu," alimwambia Tulinagwe kwa fahari. Nyumbani, Mama Sekela aliisogeza picha hadi ikagusa pua. Mtoto alikuwa na macho ya duara na meno yaliyopangika.

"Huyu ni wa nani?" akauliza, akairudisha.

Tangu hapo Tulinagwe hakutulia. Alifungua chumba cha giza cha baba yake, akaziba nyufa kwa mablanketi, akakoroga dawa za kusafishia picha zilizotoka Dar es Salaam kwa basi pamoja na karatasi chache. Mashine ya kukuzia picha iliwaka. Lakini lenzi yake kubwa ilikuwa imeliwa na ukungu, maana Kyela mvua hailali, na iliyobaki ilikuwa ndogo, ya negativu za pasipoti. Alipoiwasha, mwanga ulianguka mezani kama duara. Baba na mama walionekana vizuri. Pembe zote zilikuwa gizani, na Lucy alikuwa kwenye pembe.

Alitoka nje akakaa kizingitini, mikono ikinuka dawa. Jirani yake Abdulwahab, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye marehemu baba yake alitoka Tanga akauza filamu hapo mjini, alimwona.

"Dada Tuli, mbona umenuna kama umenyimwa ubwabwa?"

Akamweleza. Abdulwahab akajikuna kidevu.

"Ile kamera ya mbao iliyompiga si bado ipo? Ing'oe lenzi yake, ifunge kwenye mashine. Imeshamwona mtoto mara moja, itashindwaje kumwona mara ya pili?"

"Wewe Mtanga umejulia wapi mambo haya?"

"Kwa baba yangu! Nyie Wanyakyusa mlikuwa mnajua kukaa na kutabasamu tu."

Akamkatia kipande cha plaiwudi na kukitoboa tundu. Lenzi ikakaa. Mara ya kwanza kifuniko cha ndani kilijifunga chenyewe, tik, kama kilivyozoea kwenye kamera, na karatasi ikatoka tupu. Tulinagwe akakifunga kwa uzi kibaki wazi. Mara ya pili, chini ya taa nyekundu, picha ilianza kupanda kwenye dawa: baba, mama, stuli, na pembeni Lucy, mzima, hadi viatu.

Ila uso ulikuwa kama umefutwa na kitambaa.

Akailaumu lenzi. Ilitengenezwa kutazama watu walio hatua kadhaa mbele, si karatasi iliyo chini ya pua yake, na pembeni lazima ilegee. Akapunguza tundu lake, akaongeza muda wa mwanga. Uso ukabaki vilevile. Akalaumu lori lililokuwa likishusha saruji nje na kutikisa meza. Akatoka mbio na aproni yake.

"Simamisheni! Dakika mbili tu!"

"Jamani, pumzikeni," Abdulwahab aliwaambia wapagazi. "Dada anatafuta mtu humo ndani."

Saruji ikasimama. Picha ikatoka, na uso bado ulikuwa ukungu. Ilikuwa imebaki karatasi moja. Tulinagwe aliinamia ile picha iliyolowa kwa kioo cha kukuzia, na ndipo alipoona jani la ua lililo kando ya sikio la Lucy. Mishipa yake ilihesabika. Bizimu ya kiatu ilionekana hadi tundu la mkanda. Lenzi haikuwa na kosa. Kichwa cha mtoto ndicho kilichogeuka wakati baba anapiga.

Akakumbuka alichokuwa akisema baba yake kwa wateja: picha iliyotikisika haitoki mlangoni kwangu. Kwa hiyo alipochapa ile ya sebuleni alimziba kwa karatasi nyeusi, akaandika kwamba atampiga tena Jumamosi. Na hiyo Jumamosi Lucy hakuifikia. Mzee aliishi na bahasha hiyo chini ya meza hadi anakufa, hakumwambia mtu.

Mlango ukagongwa.

"Imetoka?" Ilikuwa sauti ya mama yake.

Tulinagwe alitaka kusema bado. Akafikiria kuificha. Lakini kesho mama ataona pungufu ya leo. Akaifunika ile karatasi ya mwisho isiingie mwanga, akafungua.

"Mama, uso haukukaa sawa. Nimejaribu kila…"

"Lete."

Mama Sekela aliishika picha ikichuruzika maji, akatoka nayo hadi uani penye kakao iliyoanikwa, akaisogeza kwenye jicho la kushoto. Maji yakalowesha kitenge chake. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na Tulinagwe akasogea amshike, akidhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Baba yako alisema tulia, Lucy. Tulia, mama. Tulia basi! Mara atazame inzi, mara atazame viatu." Akapitisha kidole juu ya ule ukungu, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anayefuata kichwa kinavyogeuka. "Ndiye huyu. Hakutulia hata siku moja."

"Ngoja niikaushe, mama."

"Ndaga, asante, mwanangu. Utaikausha baadaye," alisema, bila kuitoa jichoni. "Hebu nivutie kiti hapa juani."