Ndugu wa Kukaa Wodini

Jirani ya Da-jeong na mdogo wake Hye-rim, Mama Seong-min, anadai binamu yake wa Daegu alikatwa tumbo mara ya pili ili apungue unene, likavuja ndani, akazikwa kabla kimchi yake, kabichi ya pilipili ya kuchachushwa, haijachacha.

"Yule hata mafua yake huyaita saratani," alicheka Da-jeong, aliyekuwa anangojea upasuaji kama huo, huku akipaka kabichi pilipili.

"Lakini dada, hata daktari kasema safari hii kuna makovu, hatari ya kuvuja imezidi," alisema Hye-rim.

"Na hiki kiungulia kitaondokaje? Tangu waninyofoe tumbo mara ya kwanza nalala nimekaa, kama mlinzi wa benki."

Hye-rim alilijua hilo. Kukohoa kwa dada yake kulimwamsha kila usiku.

"Jumatatu nalazwa. Wanataka ndugu wa kukaa nami wodini. Utakuja, mdogo wangu?"

Hye-rim alichukua kabichi nyingine, akaanza kuifunua jani kwa jani.