Kabla Waziri Hajafika

"Usisukume!" Shangazi Honoria alisema tena, na mkono wake wenye pete ukaligandamiza goti la Ailsa. "Waziri bado. Jibane, mwanangu. Jibane."

Ailsa aliuma pembe ya mto. Theluji ilikuwa ikianguka tangu jana, ikafukia barabara yote ya kutoka stesheni, na mahali fulani huko chini gari lililombeba Waziri wa Mambo ya Ndani pamoja na daktari lilikuwa limekwama. Nyumba nzima ilikuwa ikiomba gari likwamuke. Ailsa peke yake alikuwa akiomba lizame.

Mtoto wa ukoo wa mfalme hazaliwi hivi hivi. Waziri lazima awepo, amwone kwa macho yake akitoka tumboni mwa mama, asije mtu baadaye akasema mtoto kaletwa mlango wa nyuma ndani ya kikapu cha nguo. Ndugu hawakubaliwi kuwa mashahidi, maana ndugu wana lao. Na mtoto huyu alikuwa na adui kabla hajavuta pumzi. Lionel, mume wa Ailsa na mwana wa kwanza wa Mfalme, alianguka na farasi mwezi wa Septemba akavunjika shingo. Mdogo wake, Rupert, angekuwa ameshatangazwa mrithi siku ile ile, isipokuwa tumbo la Ailsa lilikuwa limeanza kuonekana. Ikabidi ufalme mzima ungoje tumbo liseme, maana mtoto wa Lionel, awe wa kiume au wa kike, angemtangulia Rupert. Rupert hakupenda kungoja. Kwenye vilabu vya London alikuwa akiwachekesha rafiki zake kwamba shemeji yake kajifunga mto.

"Uchungu unakuja," Ailsa alisema.

"Wacha uje, upite," alisema Bibi Greer, mkunga wa kijijini, aliyeitwa kwa sababu hapakuwa na mwingine. "Pumua kama mbwa, binti yangu. Hah, hah, hah. Hivyo hivyo."

"Usimfundishe kupumua kama mbwa," Honoria, shangazi wa Lionel, alisema. "Huyu ni mke wa mwanamfalme."

"Tumbo halijui hilo, Mtukufu."

Uchungu ukaja kama ukuta unaobomoka. Ulipoondoka, hofu ilibaki palepale ilipokuwa, chini ya mbavu. Kufa hakukumwogopesha. Alikuwa akiogopa kikapu.

Kikapu kilikuwa chini, jikoni, kimetandikwa hariri nyeupe. Pembeni yake alikaa Bibi Thrale, mnyonyeshaji aliyeletwa kutoka London, akinywa uji wa shayiri na kulalamikia baridi ya Uskochi. Mrithi si wa mama yake. Ni wa Mfalme. Ndivyo sheria ya nyumba ile ilivyokuwa tangu zamani za mababu. Mtoto akishaoshwa na Waziri akishatia sahihi, kikapu kingepanda ngazi kitupu na kushuka kimejaa.

"Utamwona kila Jumapili, ukiwa mjini," Shangazi alikuwa amemwambia wiki iliyopita, kwa sauti ya kumliwaza. Alidhani Jumapili ni jambo kubwa. Yeye mwenyewe wanawe aliwaona mara chache kuliko hivyo.

Lionel alichukuliwa vivyo hivyo. Alimwona mama yake kila Alhamisi baada ya chai, nywele zimechanwa, mikono nyuma, mpaka kengele ilipolia. Hata alipokuwa mtu mzima, amelala ubavuni mwa mkewe, alikuwa akipiga kelele usingizini, na Ailsa alipomwuliza anamwita nani, hakujua. Hakuwahi kuwa na jina la kumwitia mama yake zaidi ya "Mtukufu".

Basi Ailsa alikuwa amefikiri, na kufikiri huko kulimtisha kuliko uchungu. Mtoto akizaliwa bila Waziri kumwona, Rupert atapinga. Watu wa Baraza watatikisa vichwa. Mtoto asiye na shahidi hawezi kuwa mrithi, na asiyekuwa mrithi, Mfalme hana haja naye. Atakuwa mtoto wa kawaida, mtoto wa fununu. Atakuwa wake.

Au atamchukia. Siku moja atasimama mbele yake mtu mzima na kumwuliza: Taji langu ulilitupa, kwa nini?

"Shangazi," alisema, "siwezi tena."

"Unaweza. Mimi nilijibana mpaka Waziri akamaliza kula."

"Basi nipe wanao niwaulize kama ilifaa."

Uso ulimwiva Shangazi Honoria. Hapo hapo Ailsa alishika vyuma vya kitanda, akasukuma kwa nguvu zake zote.

"Bibi Greer! Mzuie!"

"Nimzuie nani?" mkunga alifoka. "Kichwa hiki hapa! Ondoa mkono wako, Mtukufu, utamvunja!"

Mtoto aliteleza mikononi mwa mkunga, mwekundu, amelowa, akalia kwa hasira. Alikuwa msichana. Ailsa alimpokea kifuani, na kwa kitambo kidogo hakukuwa na hofu wala Rupert wala London.

Kisha wakasikia kengele za farasi.

Shangazi alikimbilia dirishani. "Ndiye! Yuko juu ya mkokoteni wa viazi, daktari simwoni, lakini ndiye!" Aligeuka haraka, macho yakimng'aa. "Usikate kitovu. Bibi Greer, unanisikia? Asikate mtu yeyote. Waziri akimkuta mtoto bado ameungana na mama yake, hapo ubishi umekwisha. Hata Rupert hana la kusema."

Bibi Greer aliduwaa, mikasi mkononi. "Lakini, Mtukufu—"

"Iweke chini!"

Mkunga aliiweka kwenye sinia kando ya kitanda, pamoja na uzi. Shangazi alitoka mbio hadi ukumbini, viatu vikigonga mbao, akiita kwenye ngazi: "Juu, Mheshimiwa! Njoo na theluji yako hivyo hivyo! Juu!"

Ailsa aliusikia mlango mkubwa ukifunguliwa. Akasikia mwanamume akikohoa, akikung'uta buti. Ngazi ya kwanza ililia.

Baba yake alikuwa daktari wa mifugo huko Perthshire. Tangu utotoni, kila majira ya kuzaa kondoo, Ailsa alikuwa akipiga magoti kwenye majani makavu na kumshikia taa. Alijua uzi ufungwe wapi. Ila leo uzi ulimponyoka, akauokota tena kwenye shuka lenye damu, akaufunga, akafunga mara ya pili juu yake.

"Mwanangu, unajua unachofanya?" Bibi Greer alinong'ona.

"Usinishike."

"Sijakushika. Nauliza tu."

"Naogopa, Bibi."

"Naona," mkunga alisema, akageukia dirisha akaanza kukunja taulo ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

Viatu vilikuwa vikigonga ukumbini. Ailsa alikata. Kitovu kilikuwa kigumu kuliko cha kondoo. Ilibidi arudie, na mara ya pili kikaachia.

Mlango ulifunguliwa. Waziri Cradock alisimama hapo na kofia iliyojaa theluji, pua nyekundu, koti linanuka udongo. Alimtazama mama, mtoto, na mikasi.

Shangazi Honoria naye aliiona. Midomo ilimcheza, lakini sauti ilitoka imara. "Umewahi, Mheshimiwa. Umemwona. Shuka ukatie sahihi."

"Nimemwona mama na mtoto," Waziri alisema polepole.

"Basi inatosha."

"Haitoshi, Mtukufu." Alivua kofia. "Desturi hii iliwekwa kwa ajili ya nyumba ambamo watu walimkuta mama na mtoto tu, wasijue kama mtoto ni wake."

"Damu bado ya moto! Una wazimu? Unampa Rupert ufalme kwa sababu ya ngazi chache?"

Waziri alimgeukia Ailsa. "Bibi, nikiandika nilivyoona, huyu hatakuwa chochote. Akiwa mkubwa hakuna atakayeweza kumrudishia. Unataka niandike hivyo?"

Ailsa alimvuta mtoto karibu zaidi. "Andika ulivyoona."

Cradock aliinamisha kichwa, akashuka.

Shangazi Honoria alikaribia kitanda. Ailsa alimkumbatia mtoto, mikasi ikimwelekea Shangazi bila yeye kukusudia. Lakini mzee yule alichukua tu blanketi lenye taji la dhahabu lililokuwa miguuni, akalikunja kwa uangalifu, akalipakata.

"Hili ni la mrithi," alisema. Mlangoni alisimama, mgongo umewaelekea. "Analia kwa nguvu. Wangu sikumbuki walivyolia."

Akaenda zake. Kutoka jikoni walimsikia Bibi Thrale akiuliza kwa sauti kama apandishe kikapu sasa.

"Baridi itamwua," alisema Bibi Greer. Alifungua kabati, akapata sweta nene la Lionel, bado linanuka farasi, akamfunga mtoto ndani yake mpaka pua tu ikabaki nje. Kisha akaketi kitandani kumnyang'anya Ailsa mikasi. Vidole vilikuwa vimekaza. Ilibidi avikunjue kimoja kimoja.

"Wanaweza kurudi," Ailsa alisema, macho mlangoni.

"Wanaweza. Mnyonyeshe."